Machi ya Tarakea: Jua saa tatu, mvua saa nane!

KAMA kuna mwezi wa kuumbuka kwa mavazi, basi ni Machi. Na kama kuna mahali pa kuumbukia, ni Tarakea!

Brazameni anatoka Moshi mjini na fulana ya mikono mifupi na raba nyeupe, jasho linamtiririka. Himo dirisha la gari liko wazi. Mwika analisogeza kidogo. Mkuu analifunga kabisa. Akishuka Tarakea, mpakani na Kenya, swali la kwanza ni mitumba ya masweta inauzwa wapi! Usimcheke. Hewa hupoa karibu digrii 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na barabara ya Rombo haina mzaha kwa kupanda.

Wazungu mwezi huu wana majira yao ya majani kuchipua, nao hulalamika kwamba jua na baridi vinapokezana. Kwetu ni kiangazi kinaaga na masika yanabisha hodi. Kaskazi imechoka, kusi haijashika. Hapo katikati lolote laweza kutokea.

UTABIRI UNASEMAJE?

Ukisikiliza redio utasikia wimbo uleule: mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua. Vijana wa kijiweni hucheka, "Si wametaja vyote?" Lakini sikiliza vizuri, mshikaji. "Maeneo machache" maana yake ni kwamba wengi hawataipata. Kwa hiyo Mkuu wanaweza kulowa, na Useri wakabaki wanatimua vumbi.

Tena utabiri huo ni wa mkoa mzima, na mkoa huu una mlima wa mita 5,895 unaojitengenezea hali yake ya hewa. Jua likichoma, hewa ya chini hupanda mteremko, ikifika juu inapoa na kuwa wingu. Ndiyo maana Kibo hujianika alfajiri, na kabla ya mchana keshajifunika shuka.

Halafu kuna suala la upande. Machame na Kibosho, kusini mwa mlima, hupata mvua nyingi kuliko upande wa kaskazini. Tarakea iko kaskazini mashariki. Waongoza watalii wanalijua hilo: masika yakichachamaa, wengi huwashauri wageni wapandie njia ya Rongai, inayoanzia huko huko Rombo, kwa sababu huwa kavu zaidi. Kwa mtalii hiyo ni sifa. Kwa mkulima ni mtihani.

HELA YA MBEGU

Hapa ndipo wewe wa mjini unapoingia. Mvua ikipiga siku mbili, simu inalia: "Mwanangu, mvua imeanza, tuma hela ya mbegu." Unatuma. Mama anapanda mahindi na maharage kule shamba la chini. Jua linarudi wiki mbili, miche inanyauka, na simu inalia tena. Mshiko umekwenda mara mbili, na msimu haukusubiri.

Wazee wana jina la mvua kama hiyo: ya kutuliza vumbi. Siyo ya kupandia. Chimba kidogo kwa jembe: kama unyevu umeishia juu juu na chini ni vumbi, subiri. Na kusubiri mno nako ni hasara, maana anayechelewa hukuta masika yanaondoka mahindi hayajakomaa.

Kwa hiyo usisikilize utabiri wa kesho tu. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa mwelekeo wa masika nzima, Machi hadi Mei, na Kilimanjaro imo pamoja na Arusha na Manyara. Humo husema mvua zinatarajiwa kuanza lini, na kama kuna vipindi virefu vya ukavu. Hicho cha mwisho ndicho cha kumsomea mama kwenye simu kabla hujagusa pochi.

WIKI HII UKIENDA

Shughuli za kuanika, kufua na kupiga picha na mlima, maliza asubuhi. Sweta liwe mkononi, siyo chini ya begi. Sista duu, viatu vya visigino acha Moshi, udongo wa Rombo ukilowa hauna adabu. Mfanyabiashara, turubai liwe karibu na magunia.

Na ukisikia "mvua kubwa", ujue ni zaidi ya milimita 50 kwa saa 24. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Yaani ndoo mbili na nusu za lita 20 zimemwagwa kwenye eneo la meza ya chakula! Hapo hata mwenye mwavuli anatafuta baraza.

Haya, safari njema. Ukimkuta mama bado hajapanda, usimgombeze. Mwombe jembe, mkachimbe pamoja mwone.