Dalali wa mbuzi na dalali wa Chicago

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo umenijia mara kwa mara tangu siku aliponitembelea hapa Mutomo kijana mmoja niliyemfundisha hesabu zamani, ambaye sasa ni mwalimu kama mimi. Alikuja na kompyuta yake ya mkononi na uso uliokunjamana. "Mwalimu," akaniambia, "nimepoteza akaunti nne kwa alasiri moja, na kosa silioni."

Kabla ya kuhukumu, ni vyema tufahamu biashara yenyewe. Soko la nafaka la Chicago, nchini Marekani, liliasisiwa mwaka 1848, na shida iliyolizaa haiwezi kuwa ngeni kwa mkulima wa ndengu wa Kitui. Wakati wa mavuno kila mtu huuza, bei ikaporomoka; baada ya miezi michache ghala ni tupu, bei ikapaa. Ndipo wakulima na wanunuzi wakaanza kuandikiana mikataba ya leo kwa mali itakayotolewa baadaye. Mikataba ya aina hiyo leo huuzwa si kwa nafaka tu, bali pia kwa mafuta, dhahabu, na hata kwa vipimo vya bei za hisa. Nairobi nayo ilifungua soko lake la mikataba hiyo Julai 2019.

Kijana wangu hakuwa na mtaji wa Chicago. Alichokuwa nacho ni kile kinachoitwa akaunti za kufadhiliwa. Kampuni fulani ya ng'ambo hutoza ada, humpa mtu mtihani wa kupata faida kadha bila kuvuka kikomo cha hasara, kisha akifaulu humruhusu afanye biashara na kugawana naye faida. Aghalabu fedha zinazoonekana kwenye kioo ni za mazoezi tu. Kilicho halisi ni ada iliyolipwa. Kwa kuwa kampuni hizo huruhusu mtu kuwa na akaunti kadhaa, yeye alichukua tano. Ada alizitoa katika mshahara wake, na sehemu, alikiri kwa sauti ya chini, katika karo ya mdogo wake.

Hawezi mtu kuzikimbilia akaunti tano kwa mikono miwili. Kwa hiyo alitumia programu ya kunakili: anaponunua katika akaunti ya kwanza, nyingine nne zinafuata. Soko la hisa la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu, au saa kumi na moja na nusu majira yao ya baridi yanapoingia, wakati mwalimu amekwisha kutoka darasani. Siku hiyo alinunua, na punde stima ikapotea. Kisanduku cha intaneti kikazimika. Akaunti ya kwanza ilikuwa na amri ya kukomesha hasara iliyohifadhiwa kwa dalali, nayo ikafungwa salama. Amri za zile nne zilikuwa ndani ya programu, na programu ilikuwa ndani ya kompyuta iliyokuwa imekatikiwa na ulimwengu. Stima iliporejea, nne zilikuwa zimevuka kikomo na kufungwa na kampuni.

Hapa ndipo hesabu inapotufaa. Mkataba mdogo unaopendwa mno, unaofuata kipimo cha S&P 500, una thamani ya dola 50 kwa kila alama. Bei ikishuka alama 40, hasara ni dola 2,000. Katika akaunti nne ni dola 8,000. Upo mkataba mdogo zaidi, ulioanzishwa Mei 2019, wa dola 5 kwa alama. Kwa huo, mshuko ule ule ungemgharimu dola 200 kwa kila akaunti, na huenda zote zingalikuwa hai. Akaunti tano zilizofungwa kwenye kamba moja ni akaunti moja iliyozidishwa kwa tano, faida na kosa vile vile. Anayedhani amegawanya hatari amejidanganya.

Basi mwenye nia ya kuingia aulize nini? Kwanza, kampuni inatumia njia gani ya kufikisha amri sokoni: Rithmic, Tradovate, au nyingine? Aghalabu uchaguzi huo hufanywa siku ya kujiandikisha, na kuubadili baadaye ni vigumu. Pili, je, njia hiyo inaonyesha akaunti zote mahali pamoja, na kampuni inaruhusu kunakili? Tatu, na hili ndilo la kwanza kwa uzito: amri ya kukomesha hasara inakaa wapi kompyuta yangu inapozimika? Jibu likiwa "ndani ya kompyuta yako", mkaazi wa Mutomo aiache njia hiyo.

La nne ni dalali mwenyewe. Mwaka 2007 kampuni ya udalali wa hisa ya Francis Thuo ilianguka jijini Nairobi; Machi 2008 ikafuata ya Nyaga, mwezi ule ule taifa lilipoanza kupanga foleni kununua hisa za Safaricom kwa shilingi 5. Hao walikuwa na leseni na ofisi zenye milango. Wateja wao walikuwa angalau na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya kuiendea, na mfuko wa fidia ambao kikomo chake kwa mtu mmoja kilikuwa shilingi 50,000. Anayetuma ada kwa kampuni ya ng'ambo isiyo na leseni ya hapa atamlilia nani? Februari 2024, katika biashara jirani ya fedha za kigeni, kampuni ya MetaQuotes ilipokaza masharti ya programu zake, baadhi ya kampuni za kufadhili zilisimama ghafla, na wateja wakabaki kusubiri.

Sisemi vijana wasijifunze masoko. Elimu hiyo ina manufaa, na mwalimu wa hesabu anaweza kuifundisha kwa mfano wa ndengu bila kutumia senti. Ninalosema ni kwamba anayepeleka mbuzi sokoni humchunguza dalali kabla ya kumpa kamba: ni wa wapi, alimlipa nani, na akitoweka atatafutwa wapi. Kwa nini tumwamini wa Chicago kwa picha ya simu?

Kijana wangu sasa amebaki na akaunti moja, mkataba mdogo, na daftari. Karo ya mdogo wake anailipa kwanza.