Mtihani wa Leseni ya Uuguzi: Mama Hajiandai Peke Yake

Usiku umekuwa mwingi. Watoto wamelala, vyombo vimeoshwa na swala ya Isha imekwisha kuswaliwa. Ndipo mama wa Kiislamu aliyehamia Marekani kutoka Afrika Mashariki anapolifungua daftari lake. Amehitimu masomo ya uuguzi wa daraja la LPN, lakini hatapata leseni kamili mpaka aufaulu mtihani uitwao NCLEX-PN. Ada ya usajili ni dola 200, na akifeli hana budi kungoja siku zisizopungua 45 ndipo aurudie. Kwa nyumba inayoutegemea ujira wake, siku hizo ni nyingi.

Ndugu msomaji, ni vema tuufahamu mtihani wenyewe. Hufanywa kwa kompyuta, wala watahiniwa hawapewi maswali yale yale. Ukijibu sawasawa, swali lifuatalo huwa gumu zaidi. Ukikosea, huwa jepesi. Maswali ni kati ya 85 na 150, katika muda usiozidi saa 5, na hairuhusiwi kurudi nyuma kusahihisha. Basi anayeona maswali yanazidi kuwa mazito asivunjike moyo. Huenda hiyo ndiyo dalili ya kuwa anafanya vizuri.

Aidha, mtihani huu haupimi kukariri tu, bali uamuzi. Tuseme kuna wagonjwa wanne: mmoja analalamika maumivu ya goti, wa pili bandeji yake imelowa, wa tatu anasubiri kuruhusiwa kwenda nyumbani, na wa nne ameshika koo akila, hawezi kusema. Nani aendewe kwanza? Ni huyo wa nne, kwani njia ya hewa hutangulia, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu. Tena LPN hufanya kazi chini ya usimamizi wa muuguzi aliyesajiliwa au daktari. Mtahiniwa na aujue mpaka wake, ajue lipi alitende mwenyewe na lipi aliripoti.

Mtihani ni wa Kiingereza. Anayetafsiri kila sentensi kichwani hupoteza muda, hivyo ni bora kujizoeza maswali machache kila siku, na kusoma kwa nini jibu fulani ni kosa, kuliko kukesha wiki ya mwisho.

Lipo pia jambo dogo liwaponzalo wenye majina kama yetu. Jina la usajili sharti lilingane na la kitambulisho. Aliyeandikwa Fatma huku na Fatuma kule aweza kurudishwa mlangoni, na ada yake ikapotea. Hilo lihakikiwe mapema.

Na sisi wa nyumbani je? Baba apike na kuwalaza watoto japo jioni tatu kwa wiki. Binti mkubwa amsomee mama maswali. Wageni wa usiku wa kuamkia mtihani waombwe radhi, mama apate kulala.

Bibi Rufaida al-Aslamiyya (R.A.) aliwauguza majeruhi katika hema lake zama za Mtume (S.A.W.), na Saad bin Muadh (R.A.), aliyejeruhiwa katika vita vya Khandaq, alipelekwa kwake. Kazi hii ni ibada kwa mwenye nia njema. Tumwombee mama huyu dua, kisha tuinuke tukaoshe vyombo.