Swali la Mwanafunzi kwenye Kibanja

Katika nyumba nyingi za Wanyambo wa Bugene, wilayani Karagwe, msichana humsalimia mzee kwa kupiga magoti. Anarudi kutoka shuleni akiwa na daftari la Uraia lenye habari za usawa na wajibu wa raia, anapiga magoti, kisha anamfuata mama yake kibanjani kuchuma kahawa katikati ya migomba. Mtihani wa somo lile uko huko kibanjani.

Chukua butura. Kahawa ingali maua, baba anapokea fedha za mnunuzi. Mavuno yakifika, gunia linaondoka kwa bei iliyopangwa siku ya shida. Serikali imeipiga marufuku, lakini mwenye mgonjwa ndani hangoji msimu. Shule za serikali nazo ziliacha kutoza ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, ila sare, viatu na madaftari havitolewi bure, na mara nyingine ni butura iliyovinunua. Mwanafunzi anayeilaani kwenye mdahalo huenda analaani viatu alivyovaa. Kwangu mimi, anayelijua hilo na bado akasema amewazidi mbali wanaokariri kitabu. Na akiuliza kwa nini mama aliyechuma hajui gunia limeuzwa kwa kiasi gani, hapo ndipo mazungumzo yanapoanza kuwasha.

Suala la ardhi ni gumu zaidi. Nyarubanja, mfumo uliomfanya mkulima kuwa mpangaji kwenye shamba alilolilima mwenyewe, ulivunjwa kisheria miaka ya 1960. Binti wa ukoo aliendelea kungoja haki yake ya ardhi. Hapa Kagera, Holaria Pastory alirithi shamba kwa baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akamshtaki, kwamba mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke ana haki ileile aliyonayo mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikalitia jambo hilo nguvu. Hata hivyo, vikao vya ukoo bado vinagawa vibanja, na mara nyingi wanaoitwa kugawiwa ni wana wa kiume.

Wapo wanaosema vijana wa shule wamepoteza adabu. Sikubali. Binti anaweza kupiga magoti na kuuliza, "Baba, na mimi nitalima wapi?" Adabu haijavunjika hata kidogo, kilichoguswa ni mazoea ya waliokuwa wakigawa peke yao.

Walimu wa Bugene, mdahalo ujao msiwaachie wanafunzi peke yao. Waalikeni wazee wa koo, wapeni kahawa ya kutafuna kama mgeni anavyostahili, waketi mbele, halafu mabinti waulize.