Kwa nini shampu yako inageuka maziwa mu bido?

Bandugu, wengi wetu tumemaliza masomo na kazi hakuna. Njo maana vijana wengi wanajaribu kutengeneza sabuni ya maji na shampu nyumbani. Lakini kuna hasara moja inarudi kila mara: sabuni iko safi, polimeri ya kulainisha nywele nayo imeyeyuka vizuri mu maji yake. Unachanganya, na ghafla yote inageuka nyeupe, kisha vipande vinashuka chini. Mtu anasema "wameniuzishia bidhaa ya uongo", anamwaga yote, na kapitali inaenda. Pole pole kwanza. Mara nyingi si uongo, ni shimi tu.

Molekuli ya sabuni (tensioaktifu) iko na kichwa kinachopenda maji na mkia wa mafuta unaokimbia maji. Mu shampu nyingi kichwa hicho kiko na chaji hasi. Ukizidisha sabuni mu maji, mikia inajificha pamoja na kufanya vitonge vidogo sana vinavyoitwa miseli. Kwa dodesili sulfati ya sodiumu, hiyo inaanza karibu na milimoli 8 kwa litri, ni kusema gramu 2,3 hivi.

Polimeri nayo ni mnyororo mrefu. Ile inayoitwa polyquaternium-10, inayotengenezwa kutoka selulozi, imebeba chaji chanya nyingi. Chanya na hasi zinavutana, hiyo tulifundishwa wote. Lakini haiishie hapo. Kila mnyororo ulikuwa umeshikilia ioni ndogo za kloridi pembeni yake. Sabuni ikikamata nafasi, zile ioni zinapata uhuru mu maji, na entropi inapanda. Kisha mikia ya sabuni inakusanyika juu ya mnyororo. Kwa hiyo vitonge vinaanza kujengwa mapema sana, ata kama sabuni ni kidogo mara kumi ao mara mia kuliko kawaida.

Sasa angalia hatua tatu:

1. Sabuni kidogo: mnyororo ungali na chaji chanya, maji iko safi.
2. Chaji zinalingana: hakuna tena kinachosukuma mnyororo mbali na mwenzake. Inashikana, inageuka maziwa, inashuka.
3. Sabuni nyingi: mnyororo umefunikwa na chaji hasi, inasukumana tena, na maji inarudi safi.

Kumbe shampu nzuri iko mu hatua ya 3. Ukiiweka kichwani na kumwaga maji, sabuni inapungua, unarudi mu hatua ya 2, na polimeri inashuka juu ya nywele. Nywele nazo ziko na chaji hasi, kwa hiyo inakamata. Njo vile shampu inasafisha na kulainisha kwa mara moja. E. D. Goddard na wenzake kule Marekani walichunguza mambo hayo mu miaka ya 1970.

Tunapata faida gani?

Kwanza, usimwage haraka. Chukua kidogo mu glasi, ongeza sabuni pole pole ukikoroga. Pengine uko mu hatua ya 2 tu.

Pili, angalia chumvi. Tunaitia ili sabuni iwe nzito, lakini chumvi inafunika chaji na kulegeza mvuto kati ya sabuni na polimeri. Jaribu kwanza mu kipimo kidogo.

Tatu, na hii inagusa afya: dawa ya kuua vijidudu yenye benzalkonium iko na chaji chanya. Usiichanganye na sabuni ya kawaida mu ndoo moja ukifikiri itakuwa na nguvu mara mbili. Zitashikana, na dawa itapoteza nguvu. Osha na sabuni, suuza vizuri, kisha njo upake dawa.

Ile diplome tuliyoitafuta miaka mingi, itusaidie basi ata mu bido ya sabuni.