Kipanga akiingia uani, usikimbilie sumu

Asubuhi kwenye nyua nyingi za Mikindani na Msangamkuu huanza na kelele za ndege. Shore wanadonoa papai lililoivia mtini, chozi wananing'inia kwenye maua, na pale mama anapopepeta, tetere na shomoro wanaokota chenga. Ghafla, kimya. Hata kuku aliyekuwa akichakura anainama, anatoa sauti moja ndefu, na vifaranga wanapotea chini ya mbawa zake.

Kipanga ameingia.

Wengi humwita kila ndege mla nyama mwewe, lakini wawili hawa hawafanani. Mwewe huelea juu, mkia wake una panda, na hula hata mizoga na matumbo ya samaki ufukweni. Ndiye mwizi mkubwa wa vifaranga. Kipanga mdogo hujificha ndani ya majani ya mwembe au mkorosho. Mbawa fupi na mkia mrefu humwezesha kukata kona katikati ya matawi. Yeye huwinda zaidi ndege wadogo, na mara nyingi hukosa.

Mtoto akiuliza kwa nini ndege wamenyamaza, mzazi ana la kumjibu. Ndege wengi wadogo wakimwona adui angani hutoa mlio mwembamba ambao ni vigumu kujua umetoka wapi, hivyo anayeonya hajianiki. Kipanga akishatua na kuonekana, mlio hubadilika, unakuwa wa kukatakata na wa kuitana. Hapo ndipo hutokea mramba, yule mweusi mwenye mkia wa panda, ambaye humfukuza hata ndege anayemzidi umbo mara kadhaa. Kwa ujasiri hana mpinzani uani.

Sauti za ndege zina kazi mwilini mwa binadamu pia. Mwaka 2022 watafiti nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio la watu 295 waliosikilizishwa sauti kwa dakika sita. Waliosikia ndege walipungukiwa na wasiwasi. Kwa waliosikia kelele za magari, huzuni iliongezeka.

Lakini mama aliyekuwa na vifaranga tisa jana na leo ana watano hana hamu ya kusikiliza ndege. Mayai ni mboga ya mtoto, na jogoo mmoja ni daftari na sare. Hasira hiyo huwafanya baadhi ya watu kupaka sumu kwenye kipande cha nyama na kukiacha uani. Katika mkoa wa korosho, dawa ya kupulizia haiko mbali, na wakati mwingine imehamishiwa kwenye chupa ya soda. Sumu hiyo itamkuta paka, mbwa, kuku wenyewe, na mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni.

Mtoto akimeza, asilazimishwe kutapika, wala asinyweshwe maziwa kwa imani kwamba yanaua sumu. Avuliwe nguo zilizoloa, ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, apelekwe haraka kituo cha afya kilicho karibu. Chupa ya dawa iende naye, ili mganga ajue anatibu nini. Mzoga wa ndege nao usishikwe kwa mikono mitupu.

Kuna jambo jingine linalosahaulika kwa sababu halina kucha. Kideri kinaweza kumaliza banda zima ndani ya siku chache, jambo ambalo mwewe hawezi. Chanjo ya I-2 hutolewa kwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Majirani wakichanja siku moja, chupa moja huwatosha wengi.

Kwa mwewe na kipanga, tenga la zamani bado linafanya kazi. Vifaranga hufunikwa humo mchana pamoja na maji na chakula, kivulini, katika wiki za mwanzo. Mama yao anaweza kubaki nje akichakura, lakini asifungwe kamba mbali nao. Yeye ndiye humwona mgeni kabla ya mtu yeyote pale uani.