Sauti Ikikatika, Itafute Foleni

Uko kwenye kikao cha video, na chumba cha pili mtu anapandisha picha za harusi. Sauti inaanza kukatikakatika. Wengi hukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi, kumbe pakiti zao zimekwama kwenye foleni hatua chache tu kutoka walipokaa.

Tupige hesabu. Pakiti kubwa ya kawaida ina baiti 1,500. Laini inayopandisha megabiti 1 kwa sekunde huitoa kwa milisekunde 12. Pakiti ya sauti ikikuta wenzake 50 mbele, itasubiri milisekunde 600. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150, la sivyo mazungumzo huanza kuathirika.

Dawa ambayo mafundi wengi huitaja ni VLAN, yaani mitandao pepe. Kiwango cha IEEE 802.1Q cha mwaka 1998 kinaweka lebo ya baiti 4 kwenye kila fremu. Biti 12 hubeba namba ya mtandao, ndiyo maana namba zinazotumika ni 4,094; biti 3 hubeba kipaumbele, ngazi 8. Kamera za ulinzi, wageni na wahasibu hupita waya mmoja bila kuonana. Ujerumani, Deutsche Telekom hupitisha intaneti ya VDSL kwenye VLAN 7, na kifaa kisipoweka namba hiyo, intaneti haipatikani.

Kwa usalama, hilo ni jambo kubwa. Lakini kutenganisha hakuongezi kasi hata kidogo! Waya ni uleule, na lebo ya kipaumbele uliyobandika nyumbani kwa kawaida haifuatwi pakiti ikishatoka kwenye mtandao wako.

Kinachosaidia ni kuihamishia foleni mahali unapoimiliki. Ruta ipangiwe kupandisha chini kidogo ya kasi halisi ya laini, ili pakiti zisirundikane kwenye modemu. Kisha iwashiwe fq_codel, mfumo wa kupanga foleni unaotumia kanuni waliyoitoa Kathleen Nichols na Van Jacobson mwaka 2012. Kila mkondo wa data hupata foleni yake, na pakiti zikizidi kusubiri milisekunde 5 kwa muda wa milisekunde 100, baadhi huangushwa, hivyo mtumaji hupunguza mwendo. Picha za harusi zitachelewa kidogo, sauti ipite.

Kwenye laini ya faiba kazi hii ni ya dakika chache. Intaneti ya simu ni ngumu zaidi, kwa sababu kasi yake hupanda na kushuka kutwa, na kiwango ulichoweka asubuhi huenda jioni kisifae.