Usiyamwage Maji ya Tambi

Bari, mji wa bandari kusini-mashariki mwa Italia, tambi na mboga za majani hupikwa sufuria moja. Tambi zenyewe ni orecchiette, vipande vidogo vya unga wa ngano ngumu na maji, bila yai, vilivyobonyezwa kwa kidole gumba hadi vikaingia ndani katikati. Mboga ni cime di rapa, majani machungu yanayovunwa pamoja na vichwa vya maua kabla havijachanua, jamaa wa sukuma wiki na kabichi. Wengi huongeza samaki wadogo wa chumvi. Ukiwaacha, mlo unabaki wa mboga tupu na utamu wake upo palepale.

Mambo yote yamo kwenye yale maji. Ndani ya tambi kavu, chembe za wanga zimenaswa katika wavu wa protini uitwao gluteni. Joto likipita nyuzi 60 hivi, chembe hizo hufyonza maji, huvimba na kulainika. Zilizo juu juu hupasuka na kuachia wanga wake, ndiyo maana maji huingia ukungu na kufanya povu. Ngano ngumu ina protini nyingi, hivyo wavu wake haulegei upesi. Italia ilikwishaweka kwenye sheria mwaka 1967 kwamba tambi kavu ziwe za ngano hiyo.

Jikoni kwetu maji hayo huishia kwenye sinki. Hasara tupu! Kaanga kitunguu saumu kwenye mafuta, tia tambi na mboga, kisha upawa mmoja wa maji hayo, na ugeuze kwa nguvu. Wanga huyafanya maji kuwa mazito na kuzuia matone ya mafuta yasirudi kuungana, ukapata rojo inayoshika kila kipande. Bila hayo, mafuta hutuama chini ya sahani.

Rangi nayo ina kisa chake. Katikati ya klorofili, ile inayolipa jani ukijani, kuna atomi ya magnesiamu. Jani likipata moto, seli hupasuka, asidi zake humwagika, na haidrojeni huitoa magnesiamu ikakaa mahali pake. Hapo mboga hufifia na kuwa kama kitambaa cha kaki. Maji mengi huzimua asidi hizo, na sufuria isiyofunikwa huziacha nyingine zitoke na mvuke. Magadi huziua kabisa, mboga ikabaki kijani cha kung'aa, lakini hulegeza majani yakawa uji na kuharibu vitamini C. Mimi sitii.

Kwa sukuma wiki iliyokatwa nyembamba, fuata njia ya Bari: pakiti ikisema dakika 10, mboga iingie ya sita. Mchicha ni habari nyingine. Una oksaleti nyingi, ambayo hushikana na kalsiamu ikawa vigumu mwili kuifyonza, na kwa mwenye historia ya mawe kwenye figo si kitu cha kuchezea. Sehemu kubwa ya oksaleti hiyo huyeyuka majini, basi mchicha uchemshwe peke yake na maji yake, hayo sasa, yamwagwe.

Mafuta yasionewe uchoyo kupita kiasi, kwani beta-karotini ya majani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri penye mafuta. Ndimu husaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya mboga, ila ikamuliwe mezani: moto hupunguza vitamini C yake, na asidi yake huiharakisha mboga kupauka.

Kiporo chake hukutwa kimekakamaa, kwa kuwa wanga uliopoa hujipanga upya na kuwa mgumu. Vijiko viwili vya maji na moto mdogo hukilainisha. Ukijani ndio haurudi.